Kamchape wa hosteli

Leo sina habari ya bumu wala ya testi iliyoahirishwa. Leo nina ugomvi, na umeanzia kwenye filamu.

Filamu yenyewe ni Something Wicked This Way Comes, ya Disney, mwaka 1983. Muongozaji ni Jack Clayton, na hadithi ni ya Ray Bradbury aliyeitoa kama riwaya mwaka 1962 halafu akaiandikia filamu mwenyewe. Wiki mbili hizi imezunguka hosteli nzima kwa flashi, na karibu kila aliyeitazama kaitazama kwa jicho moja tu: la kutafuta alama za shetani. Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa Sumbawanga, kila anayemaliza kuitazama ananijia na swali lile lile huku anacheka. "Eti dada, kwenu ndo hivi?"

Ndiyo. Kwetu ndo hivi hivi. Ila si kwa namna mnayodhani.

Kwa wale wachache ambao hawajaiona: ni kimji kidogo cha Marekani, mwezi Oktoba. Usiku treni inaleta kanivali, yaani yale maonyesho ya kuhamahama, yenye mahema, muziki, nyumba ya vioo, na bembea kubwa ya farasi wa mbao wanaozunguka. Bembea ikizunguka mbele unazeeka, ikizunguka kinyume unarudi utoto. Mwenye kanivali anaitwa Bwana Dark, Bwana Giza, yaani hata jina hajaficha! Kila mtu mjini ana kitu anachokitamani kimoyomoyo. Dark anampa, kisha anamchukua yeye mzima mzima. Wanaoshtukia ni vijana wawili, Will na Jim, na baba yake Will, mzee mtunza maktaba anayesumbuliwa na moyo.

Sasa kuna dada mmoja (simtaji, anajijua) akaandika desa la alama, akalirusha kwenye grupu. Alama 14. Mkono umechorwa, alama. Bembea inarudi nyuma, alama. Gwaride, alama. Hitimisho lake: filamu ni ya kishetani, tuifute kwenye kompyuta zetu na tufunge siku tatu.

Alama zipo, sibishi. Tena zipo nyingi kuliko hizo 14. Ugomvi wangu ni kwamba mmezisoma kichwa chini miguu juu.

Chukua viganja. Dark anatembea mjini akiwatafuta wale vijana, na sura zao zimechorwa kwenye viganja vyake. Mkaona uchawi. Nami nikamkumbuka nabii Isaya, sura ya 49, pale Mungu anaposema kwamba watu wake amewachora viganjani mwake, asije akawasahau. Mungu anamchora mtu ili amkumbuke. Dark anamchora mtu ili amtambue barabarani na kumkamata. Alama ni ile ile, kazi ni kinyume. Mtu aliyesoma Biblia kweli angeliona hilo kabla ya kukimbilia grupu.

Chukua ile ya maktaba, ambayo kwangu ndiyo sehemu bora ya filamu nzima. Dark anamkuta mzee peke yake usiku, kati ya rafu za vitabu. Anachana kurasa za kitabu moja baada ya nyingine, na kila ukurasa ni mwaka wa umri. Niambie vijana wako wapi, nikurudishie miaka yako. Mzee anaona kurasa zinadondoka, moyo unamuuma, na hasemi. Hiyo ni Luka sura ya 4 hiyo! Ni jaribu la jangwani, limehamishiwa tu kwa mzee wa kawaida mwenye majuto yake. Na mwisho wa filamu shetani anashindwa na nini? Si hirizi. Ni mapenzi ya baba na mwana.

Halafu kuna vidokezi, ile mbinu ya kumwonyesha mtazamaji mapema jambo litakalokuja baadaye. Wenzangu mmevigeuza kuwa unabii. Kabla kanivali haijafika, anakuja mchuuzi anaitwa Tom Fury, anauza mitego ya radi, vile vyuma vya kuweka juu ya paa. Anaonya kwamba tufani inakuja, anamwachia Jim chuma kimoja. Karibu na mwisho, mchawi wa kike wa kanivali anauawa kwa chuma cha namna hiyo hiyo. Ndiyo kazi ya kidokezi hiyo. Mtunzi anakuonyesha chuma mwanzoni ili mwishoni usiseme umeonewa.

Vidokezi vingine vyote vya mwanzo vinaelekeza wapi? Ed wa baa, aliyepoteza mkono na mguu, anaota siku zake za mpira. Mwalimu mzee Miss Foley anaota uzuri wake wa zamani (anakuja kupewa ujana na papo hapo anapofuka macho, hata kujiona hajioni vizuri). Kila kidokezi kinaelekeza kwenye tamaa ya mtu mwenyewe. Hakuna hata kimoja kinachosema: mkitaka kumjua mchawi, mtazameni huyu.

Hapo tu nina kinyongo na filamu yenyewe. Wale watu wa maonyesho wenye maumbile tofauti wamewekwa pale ili tuogope, kana kwamba mwili usio wa kawaida ni ushahidi wa dhambi. Huko walikoitengeneza labda ni urembo wa kutisha tu. Kwetu hapana. Nchi hii tangu mwaka 2007 imehesabu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo, na mkoa wangu wa Rukwa umo kwenye hesabu hiyo. Mwili wa mtu si alama ya kitu chochote. Hilo nalo lingewekwa kwenye desa.

Tuje kwenye radi, maana najua ndiko mnakonisubiri.

Utani wa radi za Sumbawanga nimeusikia tangu kidato cha tano. Usimdai Mfipa hela yako, atakurushia radi. Nacheka, wanacheka, yanaisha. Lakini jamani, hata jiografia? Uwanda wa Ufipa uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Magharibi, chini kabisa, kuna Ziwa Tanganyika kwenye mita 773. Mashariki kuna bonde la Ziwa Rukwa, nalo karibu mita 800 tu. Hewa yenye unyevu inapanda kingo za pande zote mbili, inapoa, mawingu yanajazana, na kuanzia Novemba mpaka Aprili ngurumo kwetu ni kama jirani, anaingia bila hodi. Ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Kongo, ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Na hao wanarushiwa na bibi yangu? Jina lenyewe la mji, wenyewe tunalielezea kwa Kifipa kuwa ni amri: tupa uchawi. Watu wameandika amri kwenye jina la mji, ninyi mmesoma tangazo la biashara!

Wiki iliyopita radi ikapiga transfoma hapa chuoni. Siku mbili hakuna umeme. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, dada mmoja wa mwaka wa pili, Mfipa wa Nkasi, alikuwa amegombana na mwenzake wa chumba juu ya kazi ya kikundi. Mwenzake hakuandika hata sentensi moja lakini alitaka jina liwemo. Dada wa watu akakataa. Ilipofika jioni ya giza, desa la alama 14 likapata alama ya 15, na alama ya 15 ilikuwa mtu. Mwenzake kabeba godoro, kahama. Bafuni wanamwachia nafasi kama ana ukoma. Na sasa inazunguka karatasi ya mchango, shilingi 2,000 kila kichwa, aletwe "mtumishi" mmoja kutoka mjini apite chumba hadi chumba Jumamosi na kutuonyesha ni nani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kwetu ndo hivi.

Miaka ya mwanzo ya 1930, kwa majirani zetu Wabemba upande wa Zambia, walipita vijana waliovaa kizungu, wageni, kijiji hadi kijiji. Waliitwa kwa jina la mchape, linalotokana na neno la Kinyanja la kufua, kusafisha. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika habari zao mwaka 1935. Watu walipangwa mstari. Mmoja mmoja akapita, na mtafutaji akamtazama kwa kioo kidogo cha mkononi. Sura yako kwenye kioo ndiyo hukumu yako. Kisha wanakusanya pembe na hirizi zenu, wanawauzia dawa, wanaambia kijiji kwamba akinywa dawa hii halafu akarudia uchawi atakufa, na kesho wako kijiji kingine. Richards alizitazama zile pembe zilizokusanywa, nyingi zilikuwa za dawa za kawaida tu.

Jambo hilo lilifika na Ufipa. Mwaka 1963 na 1964 vijiji vyetu vilipitiwa na wasaka wachawi walioitwa Kamchape, na Roy Willis, aliyefanya utafiti kwetu miaka hiyo ya 1960, aliandika makala kuwahusu mwaka 1968. Si hadithi ya zamani iliyokufa, habari za kamchape zimesikika Kigoma hata miaka ya karibuni.

Wageni wanaingia mjini. Wana vioo. Wanajua kila mtu anaogopa nini na anamtamania jirani yake nini. Wanatoza. Wanaondoka, na mlichobaki nacho ni kutoaminiana. Mbona mnaniangalia hivyo? Si ndiyo kanivali yenyewe hiyo? Bwana Dark si mchawi wa kijiji, jamani. Bwana Dark ni yule anayekuja kutafuta, anayepita barabarani na sura za watu kiganjani akiuliza majina yao. Mzee wa maktaba alipoulizwa akataja majina ya uongo. Ninyi mmeandika la kweli kwenye karatasi, na namba ya chumba mkaweka!

Hata jina la filamu linasema hivyo. Limetoka kwenye Makbeth, tamthilia ya Shakespeare ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Mchawi anahisi kidole gumba kikimchoma, anajua kuna mwovu anakaribia. Anayeingia ni nani? Makbeth, mfalme, shujaa wa vita, muuaji. Mchawi ndiye anayemshtukia binadamu.

Najua jibu lenu: Kutoka 22:18. Nimeisoma, na nasali kama ninyi. Ila aya ile haikuwapa karatasi ya mchango wala mtumishi wa elfu mbili mbili. Na kama mnataka sheria, ipo. Sheria ya Uchawi, tangu mwaka 1928, sura ya 18 ya sheria zetu. Kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa ndani ya sheria hiyo hiyo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, ile tunayoiita ramli chonganishi, kwa sababu ya damu ya wenye ualbino. Oktoba 2014, kijiji cha Murufiti kule Kasulu, watu 7 waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo mganga. Kule Usukumani bibi vizee wameuawa kwa kuwa na macho mekundu. Macho mekundu ya moshi wa jikoni! Hiyo nayo ilikuwa alama, na mtu akaisoma.

Mtasema nakuza mambo, hapa ni chuoni, hakuna panga. Kweli hakuna. Kuna dada ambaye hajaingia darasani tangu Jumatano na testi ni Jumatatu. Akidisko, mtasema mtumishi alikuwa sahihi, kumbe kakimbia.

Karatasi imenifikia jana usiku. Sikuweka jina wala hela. Godoro langu nimeshalihamishia kwenye kitanda kilichoachwa, chumba mnakijua. Jumamosi tutakuwa ndani na desa za testi, na laptopu ikipata chaji tutaitazama tena filamu, ni dakika 95 tu. Mtumishi akigonga nitafungua mimi, na nitaanza kwa kumuuliza yeye jina lake.