Picha ya Gizani na Neno la Mshauri

Baadhi ya vijana wetu wameanza kuzitoa kabatini kamera za filamu walizoachiwa na baba zao na babu zao. Wanapiga picha za nyumbani: futari ikiandaliwa, mdogo wao akisoma juzuu kwa mwanga hafifu, bibi akiwa jikoni usiku umeme ulipokatika. Filamu ikirudi kutoka kwa msafishaji, nyingi ya picha hizo huwa za giza. Ndipo kijana anapoileta moja sebuleni na kuuliza, “Mnaionaje?”

Jibu analopewa ndilo tunalotaka kulizungumza juma hili. Mara nyingi huwa moja kati ya mawili. Mama husema, “Nzuri sana mwanangu, mashaallah,” kisha huirudisha bila kuitazama mara ya pili. Kaka husema, “Mbona hapa hakuna kitu? Giza tupu, umeharibu hela.” Wa kwanza amemtakia heri, wa pili pengine amesema kweli, lakini wote wawili wamemwacha kijana pale pale alipokuwa. Hajui kama kosa lipo, liko wapi, wala afanye nini mara nyingine.

Uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Anayepiga picha kwa simu huiona papo hapo, na isipompendeza huifuta akapiga nyingine. Filamu haina nafasi hiyo. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 hutoa picha 24 au 36, na kila moja imelipiwa, katika kununua na katika kusafisha. Matokeo huonekana baada ya siku au majuma, wakati futari imekwisha kuliwa na mgeni amekwisha kusafiri. Na ikiwa aliyepigwa ni bibi mwenye umri mkubwa, huenda usipatikane tena usiku kama ule. Kwa hiyo maneno machache ya mtazamaji ndiyo darasa analolipata kijana kabla ya kutia mkanda mwingine. Yakiwa ya ovyo, mkanda wa pili utatoka kama wa kwanza, na wa tatu hautanunuliwa.

Tunashauri kwamba swali la kwanza la mshauri lihusu nia: je, giza hili ulilitaka? Si kila picha yenye giza imeharibika. Mpiga picha Mmarekani Roy DeCarava, aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1919, alijulikana kwa picha za weusi na kijivu kizito, alizozipiga kwa mwanga alioukuta mahali. Mwaka 1953 alipiga picha ya korido nyembamba ya jengo la makazi, iitwayo Hallway. Hakuna mtu ndani yake. Kuna kuta mbili zilizobanana na taa iliyofifia. Mwenye haraka angesema ni giza tupu. Anayesimama mbele yake kwa muda huanza kuziona kuta, kisha huwafikiria watu wanaopita pale kila usiku wakirudi makwao. Giza lile ndilo habari yenyewe. Kuliangaza kungekuwa kuifuta.

Hata hivyo, neno “nilikusudia” lisiwe kichaka cha kujifichia. Giza lililokusudiwa huyaachia macho mahali pa kutua: ukingo wa shavu, kiganja, mvuke wa chungu. Giza la bahati mbaya humeza kila kitu kwa usawa, pamoja na kile kilichomfanya mpigaji ainue kamera.

Swali la pili ni hili: nuru imepotelea wapi? Hapa mshauri mwenye ujuzi hatazami karatasi peke yake. Huomba negativu, yaani ule mkanda wenyewe, na kuuinua dirishani. Katika negativu ya nyeusi na nyeupe mambo yamegeuzwa: penye nuru pamekuwa peusi, na penye kivuli pamebaki wazi. Ikiwa sura ya bibi inaonekana kwenye mkanda, ijapokuwa kwa kufifia, huenda ila ni ya uchapaji au ya skana, na inafaa kujaribu kuichapa upya kabla ya kukata tamaa. Ikiwa mahali pa sura pako wazi kama kioo, filamu haikupokea nuru ya kutosha, na hakuna fundi awezaye kukitoa kisichoingia. Kisha hutazama namba na maandishi ya kiwandani kwenye ukingo wa mkanda. Hayo hayategemei kamera. Yakiwa meusi na yenye kusomeka vizuri, usafishaji ulikwenda sawa. Yakiwa yamefifia, dawa ilikuwa dhaifu au muda haukutosha.

Tuchukue mfano wa binti aliyempiga bibi yake kwa mwanga wa kandili. Filamu yake ni ya ISO 400, na tundu la lenzi amelifungua hadi f/2. Katika mwanga wa namna hiyo huenda akahitaji kuiachia nuru iingie kwa 1/15 ya sekunde, na hapo mkono hutikisa kamera kwa urahisi. Kwa lenzi ya milimita 50, wengi hupendelea 1/60 au kasi zaidi. Akichagua 1/60 ili picha isitikisike, amepunguza nuru mara nne. Isitoshe, kandili limo ndani ya picha, na mwali wake umekihadaa kipima mwanga cha kamera kikadhani chumba kizima kinang'aa. Kumwambia “picha yako nyeusi” ni kumrudishia alichokwisha kukiona. Lakini akiambiwa, “Mara nyingine msogelee bibi, upime mwanga usoni pake, kisha urudi nyuma upige kwa kipimo hicho hicho,” amepewa kazi ya kufanya. Akiambiwa, “Weka kamera juu ya meza, umwombe bibi atulie kidogo,” amepewa nyingine. Na akiambiwa alisogeze kandili hadi nusu ya umbali, amepewa ufunguo: nuru inayofika usoni huongezeka karibu mara nne, yaani kiasi kile kile alichokipoteza.

Wapo watakaomshauri aipime filamu yake kana kwamba ni ya ISO 1600, kisha amwombe msafishaji aiache katika dawa kwa muda mrefu zaidi. Ni njia ya kweli, na filamu kama Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X huivumilia. Lakini mshauri mwaminifu ataje na gharama yake: chembe za picha huongezeka, weusi na weupe hutengana kwa ukali, na vivuli vilivyokosa nuru havirudi.

Lipo na jambo linalowahusu wenye ngozi nyeusi. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yake kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Nyuso nyeusi, hasa penye mwanga mdogo, zilipoteza umbo na haiba yake. Kijana anayeona sura za watu wake zimezama gizani aijue habari hii kabla ya kujihukumu kuwa hana kipaji. Kipima mwanga hakimjui anayepigwa. Hukisia tu kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Uamuzi wa jinsi uso utakavyoonekana ni wa mpigaji, na mshauri amsaidie kuufikia.

Wanaodhani kwamba kukosoa ni kuvunjiana heshima wamkumbuke Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefanya kazi zake Misri na kufariki karibu mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir alieleza namna mwanga unavyotoka kwenye vitu na kuingia machoni, na alichunguza pia namna nuru ipitayo katika tundu dogo inavyochora sura ya kitu. Mtu huyo huyo aliandika kitabu kizima cha mashaka yake juu ya Batlamyus, bingwa wa falaki ambaye kazi zake alizisoma kwa makini. Hakutosheka kusema kwamba amekosea. Alionyesha mahali hoja isiposimama. Kazi ya mtu hukosolewa namna hiyo kwa sababu imeonekana inastahili kusomwa.

Anayeomba ushauri naye ana wajibu wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aandike katika daftari: filamu gani, kasi gani, taa ilikuwa upande upi, mkanda ulisafishwa vipi. Kisha aulize swali lenye mipaka. “Mnaionaje?” huzaa “nzuri.” Lakini “Jicho lako limetua wapi kwanza?” au “Unauona mkono wa bibi?” ni maswali ambayo hata asiyewahi kushika kamera anaweza kuyajibu, na jibu lake litamfaa kijana kuliko sifa kumi. Akijibiwa, asikimbilie kujitetea. Asikilize mpaka mwisho.

Tena, tusisahau mwenye sura. Picha za usiku nyumbani huwakuta watu katika faragha yao: mama amevua mtandio, bibi yu katika kanga ya kulalia. Giza la picha si stara, kwani skana inaweza kuyafichua mengi ambayo karatasi iliyaficha. Ruhusa ya aliyepigwa itangulie, tangu kabla mkanda haujakwenda kwa msafishaji, sembuse kabla ya kupitishwa kwa mafundi na marafiki ili waiseme. Akikataa, heshima yake ibaki juu. Kijana awashe kandili lile lile, apige birika au chungu, na aombe ushauri juu ya hicho. Somo la nuru ni moja.

Wazazi, mtoto akiwaletea picha ya giza, isogezeni karibu na dirisha mwitazame kwa utulivu. Mwambieni kwanza mnachokiona, kisha msichokiona, kisha mumuulize alitaka muone nini. Mambo hayo matatu hayahitaji elimu ya kamera. Yatampa kijana sababu ya kutia mkanda wa pili, na la kurekebisha atakuwa amekwisha kulijua, inshaallah.