Kabla Vyombo Havijapanda Lori



Barua ya uhamisho ikifika nyumbani huleta mambo mengi kwa siku moja. Baba anawaza kituo kipya, watoto wanauliza habari za shule, na wewe mama unatazama vitanda, kabati, jokofu, cherehani na masufuria uliyoyakusanya moja moja kwa miaka kumi na mitano, ukijiuliza vitafikaje huko. Mara nyingi baba hutakiwa kuripoti upesi, hivyo hutangulia na sanduku lake la nguo. Anayebaki kufunga nyumba na kupatana na wenye lori ni mama. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma familia nyingi zimelijua jambo hili, na wapo pia wastaafu wanaorudi kwao na wafanyabiashara wanaobadili mji.

Tuchukue mfano wa mama anayehama Dar es Salaam kwenda Mwanza. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Zamani watumishi wengi walipakia vyombo katika behewa la treni, lakini siku hizi wengi wetu tunatumia lori. Kwa siku mbili, tatu au zaidi, mali yote ya nyumba yako iko mikononi mwa watu wawili, dereva na utingo wake, ambao pengine umewaona kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile.

Basi tunamchaguaje mtu wa kumwamini? Wengi wetu huanza kwa kuulizia kanisani, na hapo hakuna kosa. Lakini akishatajwa mtu, tukaambiwa kwamba ni ndugu katika Bwana, tunaona haya kuuliza zaidi. Tunaona kama kumwomba karatasi ni kumwita mwizi. Tukumbuke kwamba wokovu wa dereva haukazi breki za lori.

Mama mmoja aliyehamia Mwanza alitusimulia yaliyompata. Aliyempatia gari alikuwa mwimbaji wa kwaya anayefahamika sana, akalipwa fedha zote siku ya kupakia, na hawakuandikiana chochote. Kumbe ndugu yule hakuwa na lori. Alikuwa akiunganisha tu wenye mizigo na wenye magari. Vyombo viliposhushwa Mwanza, cherehani haikuwepo, wala mifuko miwili ya nguo za watoto. Dereva akasema, “Mimi nilipokea mzigo njiani kutoka gari jingine, nilipokea hivi hivi.” Ndugu wa kwaya akasema alikabidhi vyote. Inawezekana kila mmoja alisema kweli kwa kadiri ya alivyojua, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Mama yule alikuwa akishona sare za shule, na ada za wanawe zilitoka katika cherehani ile.

Katika Kitabu cha Ezra, sura ya 8, tunasoma habari za safari ndefu kuliko hiyo. Ezra na watu wake walitoka Babeli kwenda Yerusalemu, mwendo wa karibu miezi minne, wakiwa na watoto wao na mali nyingi ya nyumba ya Mungu. Walifunga na kuomba kando ya mto Ahava. Tena Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda, kwa kuwa alikwisha kumwambia kwamba Mungu wao huwalinda wamtafutao. Huyo ndiye mtu wa imani. Lakini baada ya maombi aliwateua makuhani kumi na wawili, akawapimia fedha, dhahabu na vyombo mikononi mwao: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, mabakuli ishirini ya dhahabu, mpaka vile viwili vya shaba. Walipofika Yerusalemu vikapimwa tena, kwa hesabu na kwa uzito, na uzito wote ukaandikwa. Hao waliopimiwa walikuwa makuhani! Sidhani Ezra aliwashuku. Aliwapa njia ya kuonyesha uaminifu wao, na aliwakinga na masengenyo ya watu baadaye. Mwenye lori aliye mwaminifu anafaidika na orodha yako kama wewe unavyofaidika, na mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitoa kalamu. Anayekasirika akiombwa aandike, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.

Jambo la kwanza la kuuliza, kabla hata ya bei, ni hili: “Gari ni la nani?” Dalali si mtu mbaya, naye ana kazi yake. Lakini ujue unaongea na nani, na umpate mwenye gari au kampuni yenyewe. Omba kuona kadi ya gari na leseni ya kusafirisha mizigo inayotolewa na LATRA, mamlaka iliyochukua mahali pa SUMATRA mwaka 2019. Namba za kwenye karatasi zilingane na namba zilizo kwenye gari. Ikiwa ni kampuni, jina lake linaweza kuulizwa BRELA. Kisha nenda ofisini kwao kwa miguu yako. Kampuni isiyokuwa na mahali pa kukaa ila namba ya simu, siku simu ikizimwa utaitafutia wapi? Waombe pia wakutajie watu wawili waliowahamishia vyombo karibuni, uwapigie mwenyewe, na usiwaulize tu kama vyombo vilifika. Waulize kama bei iliongezeka njiani.

Litazame lori siku moja kabla, mchana. Malori mengi ya njia ile huleta Dar es Salaam mchele wa Shinyanga, vitunguu vya Singida au dagaa wa Mwanza, na wakati wa kurudi hutafuta mzigo wowote. Hapo bei huwa nafuu, nasi hatukatazi unafuu. Lakini panda ndani ya bodi unuse. Harufu ya dagaa ikiingia katika godoro haitoki kwa jua la wiki moja. Angalia turubai kama lina matundu na sakafu kama ina mafuta.

Uliza tena kama gari litabeba vyombo vyako peke yake. Swali hili lina uzito kuliko tunavyodhani. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo nchini Tanzania ilianza kutumika Machi 2019, gari la uzito wa kuanzia tani 3.5 hupita mizani, na mizani ni kadhaa katika njia hiyo. Gari likikutwa limezidisha, mwenye gari hutozwa faini na huweza kuamriwa kupunguza mzigo. Sasa ikiwa baada ya kuondoka kwako ameongeza mifuko ya saruji mahali fulani, unafikiri kitakachoshushwa kandokando ya barabara ni saruji ya mfanyabiashara aliye naye kwenye simu, au kabati la mama aliyekwisha panda basi? Mkubaliane kwa maandishi kwamba hakuna mzigo mwingine, au kama upo, ni upi na kiasi gani. Yaandikwe pia kwamba vyombo havitahamishiwa gari jingine bila wewe kuarifiwa, na kwamba faini za mizani si zako.

Kuhusu bima, tusidanganyike na stika iliyo kwenye kioo. Bima ambayo kila gari hulazimika kuwa nayo ni ya kuwalinda watu wengine, si mzigo ulio ndani. Hata bima kubwa hulinda gari lenyewe. Vyombo vyako vinahitaji bima ya mizigo iliyo safarini, ambayo ni karatasi nyingine kabisa. Waulize kama wanayo, wakuonyeshe, kisha piga simu kwa kampuni ya bima uhakikishe kwamba bado ina uhai.

Sasa orodha. Hii ndiyo kazi yako mama, usimwachie kijana wa kazi wala shemeji. Kila boksi lipe namba kwa kalamu ya wino mzito, pande mbili, na katika daftari andika namba hiyo pamoja na vilivyomo. Usiandike “vyombo vya jikoni”. Andika sufuria sita, sahani kumi na nane, jagi. Vitu vikubwa viandike pamoja na hali yake: kabati, mlango wa kushoto una mkwaruzo. Vipige picha kwa simu, na gari pia, namba zake zikionekana. Tengeneza nakala mbili, utie sahihi wewe, dereva na mwenye gari au mwakilishi wake, mbele ya shahidi asiye wa upande wao. Mjumbe au jirani anatosha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza ya kwake. Lakini ili ikusaidie lazima uonyeshe ulikabidhi nini, na bila daftari hilo mtabaki mnabishana.

Malipo yagawanywe. Toa sehemu siku ya kupakia ili wapate mafuta, na iliyobaki iwe ya kutosha kumfanya mtu atamani kufika. Ukilipa kwa simu, jina linalotokea liwe la kampuni au la mwenye gari, si la mtu usiyemjua, na udai risiti. Elewaneni ni nani anayewalipa vibarua wa kushusha, na itakuwaje ikiwa lori haliwezi kuingia mtaani kwenu. Hapo ndipo ugomvi wa mwisho huzukia, watoto wamechoka na giza limeingia.

Wewe na watoto msipande juu ya mzigo hata kama dereva anawakaribisha, kwa maana ni hatari na sheria inakataza. Pandeni basi. Katika mkoba wako, usioachana nao, weka vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vyeti vya shule na cha ndoa, dawa na fedha. Mtungi wa gesi usipakiwe ukiwa na gesi. Tafuta jirani wa kumwachia, au uumalize kwanza.

Mkifika, baba au ndugu asimame mlangoni na daftari, wewe uwe ndani, na kila namba iitwe inapovuka kizingiti. Dereva atakuwa na haraka, atasema tia sahihi mama, tumekesha. Mpe chai. Kisichoonekana au kilichovunjika kiandikwe kwenye nakala zote mbili kabla ya sahihi yako, naye atie yake hapo hapo. Akikataa kushusha mpaka aongezewe fedha, usibishane naye barabarani usiku. Mwite mwenyekiti wa mtaa, umwonyeshe makubaliano, na ikibidi twende polisi na karatasi mkononi. Jokofu mlisimamishe wima, na msiliwashe mpaka kesho yake asubuhi.