Mwanamume naye hupungukiwa damu



Huku kwetu Musoma, Bunda na Butiama, upungufu wa damu umezoeleka kuwa habari ya wajawazito na watoto. Mwanamume akiambiwa wingi wa damu yake ni gramu 12 kwa desilita, huona si neno. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima hapaswi kushuka chini ya gramu 13. Mwenye 12 hayumo hatarini, lakini analo swali linalodai jibu: damu imekwenda wapi?

Mwanamke hupoteza damu kila mwezi. Mwanamume hana njia hiyo. Kwa hiyo yake ikipungua, yapasa ijulikane inakovujia. Kando ya ziwa, wa kwanza kushukiwa ni kichocho cha tumbo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mvuvi, na mayai yao hujeruhi utumbo. Kwa anayelima pekupeku kuna mnyoo wa safura, anyonyaye damu tumboni. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu. Wengine huvuja kwa vidonda vya tumbo, hasa wanaozoea diklofenaki na aspirini, au kwa bawasiri wanayoionea haya. Kwa aliyevuka miaka 50, huenda ikawa dalili ya mapema ya saratani ya utumbo. Choo cheusi kama lami kisingoje kesho.

Ndiyo maana kununua vidonge vya kuongeza damu bila kupimwa ni hatari: kipimo chaweza kupanda huku kidonda kikiendelea kuvuja. Tena wapo ambao upungufu wao watokana na figo au selimundu. Hao vidonge vya madini ya chuma peke yake haviwatoshi.

Chanzo kikishajulikana na kutibiwa, jiko husaidia. Dagaa, nyama na maini vina chuma ambayo mwili huipokea kwa wepesi. Chuma ya maharage na mgagani hupokewa kwa shida, ila ukikamulia ndimu au ukila chungwa, hali hubadilika. Chai, kinyume chake, huizuia. Iache ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Vinywaji vyekundu haviongezi damu kwa sababu tu ya rangi yake.

Aliyeandikiwa vidonge avimeze kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Ramadhani haizuii: wakati wa kufuturu au daku watosha. Asiache pindi apatapo nguvu, kwani akiba ya mwili huchukua takriban miezi mitatu zaidi kujaa.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na mwili ni amana tutakayoulizwa. Baba anayechoka kupanda mlima aliouzoea, au anayehema kwa kazi ndogo, asiseme ni uzee. Aende zahanati apimwe damu na choo. Na mama watoto amkumbushe.

Wabillahi tawfiq.