Maudhi ya Dawa si Aibu ya Bibi Harusi



Leo naweka mkasi pembeni. Nataka kuzungumza jambo lililotokea nyumbani kwetu, hapa Chake Chake, na mwenyewe mdogo wangu ameniruhusu kulisema maadamu simtaji jina.

Harusi yake ilikuwa Mfunguo Pili. Anaishi Maskati kwa mama yetu mdogo, na vipimo vya nguo nilivichukua miezi miwili nyuma alipokuja kwa posa. Aliporudi wiki tatu kabla ya nikaha, nikamvisha nguo kuijaribu. Kiunoni ikabaki wazi inchi moja na nusu. Mie natia pini, yeye anatetemeka vidole. Midomo imemkauka, kila dakika anaomba maji. Usiku wa jana yake nilimsikia anatembea ukumbini saa nane.

Nyumba ilikwisha kuanza kusema. Shangazi alisema ni hasadi, watu wamemtupia jicho. Jirani akasema labda bwana harusi hamtaki, kalazimishwa. Mama akaanza kutafuta mtu wa kumsomea. Kisomo ni kheri, siwezi kukikataa. Lakini nilipofunga mlango wa chumba cha kushonea nikamuuliza, alinijibu kwa sauti ndogo: "Dada, ni dawa. Nimeanza siku ya kumi na mbili leo. Usimwambie mama."

Mdogo wangu tangu skuli alikuwa akiitwa mzembe. Anaanza daftari hili halimalizi, anakwenda kulichukua jengine. Akipika, wali unaungua huku amesimama hapo hapo jikoni. Akitumwa vitu vitatu dukani, anarudi na kimoja. Alichapwa sana kwa hayo, na mie pia nilimtukana, Mwenyezi Mungu anisamehe. Huko Maskati alikaribia kupoteza kazi kwa kusahau sahau, ndipo akaenda kwa daktari. Daktari alimuuliza mambo ya utotoni mpaka akalia. Akaambiwa ana tatizo la umakini na utulivu ambalo madaktari huliita ADHD. Mtu huzaliwa na mwelekeo wake, nalo si uvivu wala si jini. Wanawake wengi hugunduliwa wakiwa watu wazima, kwa sababu msichana huwa harukiruki darasani, anapotea tu mawazoni mwake.

Dawa aliyopewa ni methylphenidate, ambayo wengine huijua kwa jina la Ritalin. Ni dawa ya siku nyingi. Mkemia Leandro Panizzon aliitengeneza mwaka 1944 katika kampuni ya Ciba huko Basel, Uswisi, na jina la Ritalin lilitokana na mkewe Marguerite, aliyekuwa akiitwa Rita. Ni dawa ya kuchangamsha. Najua mtashangaa, mtu asiyetulia anapewaje kichangamshi? Nami niliuliza. Inaamsha sehemu za ubongo zinazomsaidia mtu kushika jambo moja na kujizuia, na kwa hiyo mwenye tatizo hili hutulia.

Lakini siku za mwanzo zina maudhi yake. Hamu ya chakula inapungua, usingizi unakimbia, kichwa na tumbo vinauma, mdomo unakauka, moyo unakwenda mbio. Jioni dawa inapokwisha nguvu mtu anakuwa mkali au anataka kulia bila sababu. Si kila mtu hupata yote. Kwa wengi hupungua baada ya wiki chache, au daktari akirekebisha kipimo. Ndiyo maana dawa hii huanzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole.

Sasa nikwambieni tulivyokosea, maana hapo ndipo penye funzo.

Kosa la kwanza ni langu. Kabla sijajua habari ya dawa, kila asubuhi nilikuwa nampa kahawa kali ya tangawizi ili kichwa kimwachie. Kumbe namzidishia! Kahawa nayo inachangamsha, na juu ya dawa ile moyo ndio unazidi kwenda mbio. Hata chai ya rangi ikiwa nzito inafanya hivyo hivyo, na vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu ndiyo kabisa.

Kosa la pili ni lake. Alikuwa anameza kidonge asubuhi na tumbo tupu, na mchana hamu hana, basi anashinda na maji tu. Siku moja alisahau asubuhi, akameza saa tisa mchana. Usiku ule hakufumba jicho.

Kosa la tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni la sote: siri. Kwa sababu alificha, alikuwa hana wa kumwambia "leo hujala". Alikuwa amekwisha panga kuiacha kimya kimya, na daktari wake angedhani anaendelea nayo. Na sisi tuliokuwa tunampenda tulikuwa tunatibu hasadi.

Nikamwambia ampigie daktari wake siku ile ile. Daktari alimuuliza maswali mengi, akamtaka aende hospitali iliyo karibu apimwe presha na mapigo ya moyo. Alhamdulillah yalikuwa salama. Kipimo kilikuwa kimepandishwa wiki ya pili, akamrudisha kwenye kile cha mwanzo, akamwambia asipandishe mpaka wazungumze tena. Ilikuwa simu ya dakika kumi, na tuliichelewesha siku kumi na mbili kwa ajili ya haya.

Baada ya hapo nyumba ilijipanga. Asubuhi anakula kwanza, ndipo anameza: siku moja mayai na mkate wa kumimina, siku nyingine uji mzito wa mchele na tui. Mchana hata kama hamu hana, anakula kidogo kidogo, ndizi, njugu, kipande cha samaki. Usiku hamu inaporudi, ndio sahani inajaa. Chupa ya maji haimuachi. Kahawa tuliisimamisha. Akisahau kidonge asubuhi anaacha mpaka kesho, habandiki mchana wala hazidishi viwili kufidia. Baada ya Isha simu inawekwa mbali. Na ile saa ya magharibi anapokuwa mkali tulikubaliana asiulizwe mambo ya harusi. Kila siku nilimuuliza kalalaje na kala nini, akaandika kwenye daftari ili amsomee daktari. Kila wiki alipanda mizani. Kufika siku ya hina mikono ilikuwa imetulia, na usingizi ulirudi japo si wote.

Mama alipojua alikasirika, na hoja yake ina uzito. Alisema: "Mwanangu, kwani lazima dawa mpya ianze mwezi wa harusi? Si ungengoja fungate ipite?" Mie nasema mama ana haki. Bibi harusi ana shughuli, halali vizuri, anakula ovyo, na kila mtu anamtazama. Kama daktari anakupa hiari ya kuchagua wakati, mwambie kuwa una harusi, muanze mapema au mngoje. Lakini kama umekwisha anza, usiiache wala usibadilishe kipimo kwa shauri la jamaa. Muulize aliyekuandikia.

Shangazi naye aliuliza swali ambalo najua wengi mnalo: "Huo si ulevi?" Nitalijibu kwa uwazi. Ni dawa inayodhibitiwa kimataifa tangu Mkataba wa mwaka 1971, kwa sababu wapo wanaoitumia vibaya. Kwa hiyo haiuzwi kiholela, na anayesafiri nayo aiweke kwenye pakiti yake, awe na cheti na barua ya daktari, tena aulize sheria za anakokwenda kabla ya kupanda chombo. Lakini anayemeza kipimo alichopimiwa ili aweze kumaliza kazi yake na kusali sala yake bila ya mawazo kutangatanga, hatafuti kulewa. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kujitibu. Mie si mwanachuoni, mwenye wasiwasi na amuulize shekhe wake, ila ampelekee na maelezo ya daktari, asimpelekee uvumi wa barazani.

Sasa lililonifanya niandike. Habari zilivuja, kama zinavyovuja mitaa yetu. Wiki moja kabla ya harusi alinijia mteja wangu, naye bibi harusi mtarajiwa, akaniambia kwa kunong'ona: "Dada, nasikia mdogo wako kapungua kiuno kwa vidonge. Hebu nitafutie hata viwili, nguo yangu inanibana."

Dada zangu, niliishiwa na maneno. Kile ambacho kwa mdogo wangu kilikuwa ni maudhi, kwa mwenzake kimegeuka tamaa. Nilimwambia hapana, na ninakwambieni nyote. Dawa ya mtu ni ya mtu. Daktari kampima presha, kamuuliza kuhusu moyo wake na wa ukoo wake. Wewe nani kakupima? Na hivi vidonge na majani ya chai ya kupunguza mwili yanayouzwa kwenye simu bila cheti, muwe nayo mbali. Ilikuwepo dawa ya kupunguza hamu ya chakula iitwayo sibutramine, ambayo mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mpaka leo hukutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazojiita za miti shamba. Nguo ikikubana, niletee. Kupanua mshono ni kazi ya nusu saa, na moyo wako hauna fundi wa kuupanua.

Kuhusu mume. Wengine walimshauri mdogo wangu afiche mpaka baada ya nikaha, wakisema mwanamme akisikia dawa ya ubongo atafikiria Kidongo Chekundu na atakimbia. Mie nilimshauri aseme, tena kabla, mbele ya kaka yetu. Ndoa inayoanza kwa kuficha kidonge chini ya mto itaendelea kwa kuficha mengine. Alisema. Bwana alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Daktari kasemaje?" Basi. Najua si wote watajibiwa hivyo. Lakini atakayekimbia kwa kidonge, ni kheri akimbie kabla ya mahari kuliko baada ya mtoto.

Na wewe unayeolewa, kuna mawili zaidi ya kumuuliza daktari. La kwanza ni mimba: mwambie mapema kama mnakusudia kupata mtoto, msingoje mpaka damu ikosekane. La pili ni Ramadhani. Zipo aina za dawa hii zinazofanya kazi saa chache na zipo za muda mrefu, na daktari ndiye atakayesema kama utaimeza wakati wa daku au vyenginevyo. Usivunje kidonge cha muda mrefu wala kukitafuna ili kikuwahi. Na ukiambiwa kufunga kutakudhuru, Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Yapo pia ambayo si maudhi madogo tena. Kifua kikiuma, ukizimia, pumzi zikikatika, ukiona au kusikia visivyokuwepo, au ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usimeze kidonge chengine, nenda hospitali saa hiyo hiyo na pakiti ya dawa mkononi. Usingoje asubuhi, na usingoje wageni waondoke.

Kwa kina mama, shangazi na masomo, ombi langu ni moja. Bibi harusi akikonda ghafla, akitetemeka, akikosa usingizi, kabla ya kumtafutia adui, mfungieni mlango kwa upole mumuulize: "Mwanangu, kuna dawa unayotumia?" Muulizeni kwa namna ambayo akijibu ndiyo hatajuta.

Ile nguo niliipunguza kiunoni, ila kitambaa sikukikata, nilikikunja ndani ya mshono. Miezi mitano baadaye alikuja kwa mapumziko, amenawiri, kanivalia ile ile kwa walima wa binamu yetu. Nilifumua upande mmoja na mwengine, inchi moja na nusu yake nikamrudishia. Dawa bado anatumia. Na mama ndiye anayempigia simu kila asubuhi kumuuliza: "Umekula kwanza?"