Msaada Wetu Uwe na Utaratibu



Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, 2025, mlima uliporomoka juu ya Chesongoch, katika Marakwet Mashariki. Mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu, ardhi ikashiba maji, na udongo pamoja na mawe na miti ukashuka juu ya nyumba za watu nao wamelala. Zaidi ya watu 20 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana. Barabara zilikatika kwa matope na maji. Waliojeruhiwa vibaya walichukuliwa kwa helikopta, wakaletwa hapa kwetu Eldoret kutibiwa.

Jambo hili latuhusu. Iten si mbali na Eldoret, na ukipita Iten waliona Bonde la Kerio chini yako. Katika viwanda vyetu, gereji, mahoteli na maofisi wamo wanachama ambao wazazi wao na watoto wao wanalala chini ya ule mteremko. Wala haikuwa mara ya kwanza. Chesongoch iliporomokewa mwaka 2010, na tena mwaka 2012. Mwezi wa Novemba 2019, zaidi ya watu 40 walikufa kwa maporomoko katika Pokot Magharibi, sehemu za Nyarkulian, Parua na Tamkal. Mwezi wa Aprili 2020, maji na matope yalifagia soko la Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo-Marakwet. Mvua kubwa zitarudi. Basi twauliza: siku hiyo ikifika, wafanya kazi wa Eldoret watafanya nini?

Wako wanachama wasemao kwamba kazi hiyo ni ya Serikali. Husema, "Mshahara wangu wakatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya na asilimia 1.5 kwa nyumba, tena kuna kodi. Mnataka nini zaidi?" Hao wana haki ya kuuliza, na sisi hatusemi kwamba mchango wa mfanya kazi uchukue mahali pa wajibu wa Serikali. Lakini mtu aliyefunikwa na udongo hawezi kungoja mpaka hoja hiyo imalizike. Aliyemfukua kwanza kila mara ni jirani yake, kwa mikono na jembe. Anayefuata baada ya jirani yafaa awe mfanya kazi mwenzake.

Neno letu leo ni moja. Moyo wa kusaidia watu wanao. Kinachopungua ni utaratibu. Msiba ukitangazwa, huyu hukusanya nguo kuukuu, yule hupanda gari aende mwenyewe, wa tatu hutuma fedha kwa namba aliyoiona katika simu bila kujua ni ya nani. Helikopta iliyokwenda kuchukua majeruhi haina nafasi ya magunia ya viatu vilivyotoboka. Na mtu aliyekwenda peke yake, bila chakula wala mahali pa kulala, huwa mzigo kwa wale aliotaka kuwasaidia. Sisi tunaofanya kazi kwa zamu na kwa daftari twaweza kufanya vizuri zaidi.

KWANZA, DAMU. Damu imwokoayo majeruhi siku ya msiba ni ile iliyokwisha tolewa, ikapimwa na kuwekwa tayari. Nayo haikai, chembe nyekundu hazihifadhiki kupita wiki 6 hivi. Kwa hiyo haifai watu mia watoe siku moja, kisha asitokee mtu miezi mitano. Mtu mwenye afya, wa umri wa miaka 16 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa. Mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Kila tawi ligawe wanachama wake kwa zamu, mwezi kwa mwezi, wapeleke damu yao katika kituo cha damu hapa Eldoret. Huu ni msaada ambao hata mwenye mshahara mdogo kabisa aweza kuutoa.

PILI, FEDHA. Shilingi hupita mahali gari lisipopita, nayo hununua unga, blanketi, sufuria, ndoo za maji na taulo za kina mama kwa kadiri ya haja. Mwaka 2011, ukame ulipowakamata watu wa Turkana na sehemu nyingine za kaskazini, Wakenya walichanga kwa simu zao katika mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500, nalo lilipitwa. Lakini fedha za wanachama zataka stakabadhi. Mweka hazina wa tawi azipokee, aziandike, azipeleke kwa chama kijulikanacho, na hesabu ibandikwe ukutani ili kila mtu aisome. Mtu akipenda kutoa vitu, aulize kwanza ni vitu gani vinavyotakiwa.

TATU, UFUNDI. Hapa ndipo wafanya kazi tuna mali ambayo wengine hawana. Seremala na mwashi hujenga vibanda. Fundi bomba hutengeneza maji, na kambi isiyo na maji safi hupata kipindupindu. Fundi wa magari huweka lori barabarani. Mpishi wa hoteli ajua kupika chakula cha watu mia tatu bila kukipoteza. Karani naye asijidharau: watu wanapotawanyika, huyu yuko hospitali, yule yuko shuleni, mwingine amekimbilia kwa shemeji, mtu mwenye kalamu na daftari aandikaye majina vizuri ndiye awakutanishaye mama na mtoto wake.

NNE, USIENDE PEKE YAKO. Mteremko ulioporomoka mara moja waweza kuporomoka tena, maana udongo bado umejaa maji. Asiende mtu kuchimba ila chini ya amri ya wale wanaoongoza kazi ya kutafuta. Msalaba Mwekundu wa Kenya, uliowekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, huandikisha watu wa kujitolea na kuwafundisha huduma ya kwanza. Wakati wa kujiandikisha ni sasa, kungali kukavu. Mwanachama aliyefundishwa kufunga jeraha na kubeba majeruhi atafaa pia kiwandani, siku mashine itakapomkata mwenzake.

TANO, TUSICHOKE UPESI. Wiki ya kwanza wakubwa huja, na wenye kamera huja. Mwezi wa tatu hawapo, na ndipo mwenye shamba lililofukiwa hana mbegu, na mtoto hana sare ya shule. Twashauri kila tawi litakalochanga liweke sehemu ya mchango wake kwa ajili ya miezi hiyo ya baadaye.

Sasa tuseme na matajiri wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Likizo hiyo ni ya kupumzika na kuona jamaa, nasi hatutaki mwanachama aimalize katika matope kwa sababu ana moyo mwema. Basi katika mapatano yajayo, wajumbe wetu wadai siku chache za ruhusa yenye mshahara kwa mwanachama aliyeandikishwa na kufundishwa, anapoitwa wakati wa maafa. Wadai pia ulinzi wake. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 imewekwa kwa ajili ya aliyeumia katika kazi ya mwajiri wake. Yule aliyevunjika mguu akimbeba mgonjwa Chesongoch, nani atamlipa? Jambo hili lijibiwe kwa maandishi kabla hatujapeleka watu.

Na Serikali twaiambia hivi. Kufukua watu kila baada ya miaka michache si mpango. Ile miteremko yajulikana, na sababu zajulikana: mvua kubwa juu ya mwinuko mkali, miti iliyokatwa, mashamba yaliyolimwa mahali pasipofaa kulimwa. Watu hawakai pale kwa kupenda hatari. Wanakaa kwa sababu ndipo shamba lao lilipo. Wanaotakiwa kuhama wapewe ardhi, si maneno. Onyo la mvua liwafikie kwa lugha yao, na mapema. Sisi tutajitolea, lakini hatutanyamaza.

Mwisho, asiulize mtu aliyeko chini ya udongo ni wa kabila gani. Mji huu wakumbuka mwaka 2008, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walipolala katika mahema kwenye Uwanja wa Maonyesho wa Eldoret, wakipanga foleni ya unga. Wamo miongoni mwetu waliopanga foleni ile, na wamo waliopika uji wa watoto wale. Chama chetu kina watu wa makabila yote, nacho kimejifunza kwamba adhimisho la umoja si wimbo wa mkutanoni bali ni kazi.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao wa kila tawi, katibu afungue daftari jipya. Aandike jina la kila mwanachama apendaye, kazi aijuayo, namba yake ya simu, na kama anaweza kutoa damu. Daftari hilo liwe tayari kabla ya mvua za masika. Mjumbe wa kila idara atapita na karatasi. Akifika kwako, usimwambie aje kesho.

Umoja ni nguvu.