Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Sanaa ya Chai na Utu wa Tiba

Bajeti ya kituo cha afya inapobana, chai ya saa nne huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Zamu inapoelemewa, muuguzi huinywa akiwa amesimama huku akijaza mafaili, au haigusi kabisa. Mgonjwa naye huwekewa kikombe juu ya kabati la kando ya kitanda pasipo neno lolote, nacho hupoa hapo hapo. Tumeyazoea hayo kwa sababu tunaihesabu chai kuwa kinywaji tu. Mimi nashika msimamo mwingine. Namna tunavyoandaliana na kupeana chai ni sehemu ya tiba, na sanaa iliyozaliwa kutokana na kinywaji hiki inaweza kutufundisha jambo ambalo mafunzo yetu ya utabibu huligusia kwa ufupi mno, yaani jinsi ya kumpokea mtu.

Sanaa ninayoikusudia ni ile ya Japani, na shina lake limo katika utabibu wenyewe. Mtawa wa Kibudha aitwaye Eisai alirejea nyumbani kutoka Uchina mwaka 1191, akahimiza watu wake wanywe chai. Mwaka 1211 aliandika kitabu kiitwacho Kissa Yojoki, jina lenye maana ya kutunza uhai kwa kunywa chai. Akifuata elimu ya tiba ya Kichina ya zama zake, alifundisha kwamba kila kiungo kikuu cha ndani kina ladha inayokistawisha, na kwamba moyo hustawi kwa uchungu, ladha iliyopungua katika chakula cha Wajapani. Mwaka 1214 mtawala wa kijeshi Minamoto no Sanetomo alipoamka hajiwezi baada ya usiku wa ulevi, Eisai alimpelekea chai pamoja na maandishi ya kuisifu. Elimu yake ya mwili haikubaliki tena leo, lakini chai ilipata heshima katika nchi ile kwa kupitia mlango wa dawa.

Katika muda wa zaidi ya miaka 300 iliyofuata, dawa hiyo iligeuka polepole kuwa sanaa. Aliyeifikisha kileleni ni Sen no Rikyu, mzaliwa wa mji wa kibiashara wa Sakai, aliyeishi kati ya mwaka 1522 na 1591. Kabla ya wakati wake wakubwa walishindana kuonyeshana vyombo vya thamani vilivyoagizwa Uchina. Rikyu akaelekea upande mwingine. Alikata mwanzi akaufanya chombo cha maua, akalichukua kapu la mvuvi akalitumia vivyo hivyo. Chumba cha chai kiitwacho Taian, kinachohusishwa naye na ambacho kingalipo Yamazaki karibu na Kyoto, kina ukubwa wa mikeka miwili tu ya tatami, yaani chini ya mita za mraba 4. Leo ni hazina ya taifa la Japani. Mlango wake ni mdogo kiasi kwamba kila anayeingia sharti ainame na kujivuta kwa magoti. Panga ziliachwa nje. Ndani, jemadari na mfanyabiashara waliketi sakafuni bega kwa bega, wakanywa kutoka mikononi mwa mwenyeji mmoja.

Hata kabla ya kuingia, mgeni hupita kwenye bustani, akainama mbele ya birika la jiwe, akanawa mikono na kusukutua kinywa. Mwenyeji naye huvipangusa vyombo mbele ya macho ya mgeni, kwa miondoko iliyopunguzwa hadi ikabaki ile inayohitajika. Mhudumu wa afya anayesoma hapa ataitambua hali hiyo. Muuguzi anawapo mikono, akapanga vifaa kwenye trei kila kimoja mahali pake, kisha akafungua kidonda bila pupa na bila kumgeuzia mgonjwa kisogo, anatenda kwa nidhamu ya namna ile ile. Tofauti ni kwamba sisi tumeiita nidhamu hiyo utaratibu, tukasahau kuwa ina uzuri, na kwamba mgonjwa huuona uzuri huo na kutulia.

Tazama pia bakuli lenyewe. Kwa ajili ya chai ya Rikyu, fundi Chojiro alianzisha bakuli za aina ya raku, zinazofinyangwa kwa viganja bila gurudumu la mfinyanzi. Kuta zake ni nene, hivyo joto hufika mikononi taratibu. Hazina mkono wa kushikia, basi mnywaji huzipakata kwa viganja viwili. Weusi wake huufanya ukijani wa chai ya unga uonekane vyema. Ni dhahiri kwamba anayefinyanga bakuli la namna hiyo anaifikiria mikono atakayoishika. Sasa tujiulize kuhusu kikombe cha bati chembamba tunachompa mgonjwa anayetetemeka, au mwenye baridi yabisi ya vidole, au aliyepooza upande mmoja. Nani aliwahi kuifikiria mikono yake?

Kisha bakuli likivunjika, Wajapani wana ufundi wa kuliunga kwa utomvu wa mti na kuunyunyizia mshono unga wa dhahabu. Utomvu huo ukiwa mbichi huwasha ngozi na kuleta vipele, nao hukauka polepole katika hewa yenye unyevu. Fundi hawezi kuuharakisha. Sisemi kwamba mgonjwa aambiwe kovu lake ni pambo, maana hilo ni lake yeye kulisema, akipenda. Ninachosema ni kwamba ufundi huo unaheshimu muda wa kuponya, jambo ambalo wodi iliyojaa husahau upesi.

Najua jibu nitakalopewa. Kituo kisicho na glavu za kutosha, ambacho wagonjwa hulala wawili wawili, kitaongeleaje uzuri wa kikombe? Jibu ni zito, na sanaa isitumiwe kamwe kufunika upungufu wa dawa, vifaa au watumishi. Lakini tukumbuke kwamba Rikyu aliijenga sanaa yake kwa kuondoa vya gharama. Mwanzi, udongo, maji moto na ua moja vilimtosha. Kilichokuwa adimu ni uangalifu, nao hauagizwi kutoka bohari ya dawa.

Sayansi nayo haiko mbali na hoja hii. Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Ulaya ilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikaonyesha kwamba sanaa ina nafasi katika kukinga maradhi, kukuza afya na kusaidia matibabu. Mwaka huo huo shirika hilo lilifafanua katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa hali ya mtumishi kuchakaa kwa msongo wa kazi usiodhibitiwa: nguvu humwishia, moyo wake hujitenga na kazi, na ufanisi wake hushuka. Halikuiita ugonjwa, liliiita hali itokanayo na kazi. Ikiwa chanzo ni kazi, basi sehemu ya dawa itafutwe katika namna kazi inavyopangwa, na pumziko la kweli ni sehemu ya mpango huo.

Wala nisieleweke kwamba naitangaza chai kuwa dawa kama alivyofanya Eisai. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yatokanayo na mboga na nafaka. Kwa hiyo mjamzito na mwenye upungufu wa damu waiache mpaka ipite saa moja au zaidi baada ya mlo, na vidonge vya madini hayo vimezwe kwa maji. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vya moto mno, vinavyozidi nyuzi joto 65, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Basi chai iachwe ipoe kidogo. Sukari ipimwe, hasa kwa mwenye kisukari. Anayekosa usingizi asiinywe jioni. Kumjali mgeni ni pamoja na kujua kisichomfaa.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji fedha nyingi. La kwanza, kila zamu iwe na dakika chache za chai zisizoguswa, kwa kupokezana ili wodi isibaki peke yake. Daktari, muuguzi, mhudumu wa maabara na mfanya usafi waketi pamoja, kila mmoja akiviacha vyeo vyake mlangoni kama wale walioziacha panga zao nje. La pili, mgonjwa anayekaa wodini kwa muda mrefu aruhusiwe kuwa na kikombe chake mwenyewe kinachoifaa mikono yake, na anayempelekea chai amwite kwa jina. La tatu, pale penye wagonjwa wa akili, wazee, au watu wanaofunza upya mikono yao baada ya kiharusi, saa ya chai iunganishwe na kazi ya mikono: kufinyanga, kusuka ukili, kudarizi, kuchora kile kilicho mbele ya macho. Wafinyanzi na wasusi wamo vijijini na mitaani mwetu. Waalikwe.

Kwa mgonjwa na ndugu anayemuuguza nina neno pia. Msingoje hospitali ianze. Kikombe kikiletwa kitandani, kaeni nacho. Ndugu aweke simu chini, amkalishe mgonjwa vizuri, amuulize kama kimepoa vya kutosha, amngoje amalize. Katika sanaa ya chai kuna fundisho kwamba kila kikao ni cha mara moja, hakitarudi jinsi kilivyo. Aliyewahi kumuuguza mtu katika siku zake za mwisho analielewa fundisho hilo bila kufafanuliwa.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hueleweka kwamba mgeni huja na neema, na mwenyeji akafaidi naye kile kilichoandaliwa. Katika kazi yetu methali hiyo inaweza kuchukuliwa kama ilivyo. Anayempokea mgonjwa kwa uangalifu hupona naye kidogo, kwa kuwa uchovu mkubwa wa kazi hii hutokana pia na kuwagusa watu siku nzima bila kukutana na hata mmoja wao. Basi chai ya saa nne irudishwe mezani, na inywewe tukiwa tumeketi.