Mkopo wa Kuwait, Ushauri wa Nani?

Dereva wa lori anayetoka Dodoma kwenda Tabora siku hizi halazimiki kuzunguka Singida mjini, Igunga na Nzega. Akifika Manyoni anashika njia ya Itigi, anavuka Chaya, na lami haikatiki hadi Tabora. Kipande cha Manyoni–Chaya, kilomita 89 hivi, kilijengwa kwa fedha za serikali yetu. Kile cha Chaya–Nyahua, kilomita 85.4 upande wa Tabora, ni mkopo wa Mfuko wa Kuwait. Rais Samia alikizindua Mei 2022.

Mfuko huo uliundwa 1961, mwaka wa uhuru wa Kuwait na wa Tanganyika pia. Mmoja akakua mkopeshaji, mwingine mkopaji. Sababu kubwa ni mafuta, na kwa hilo hatuna wa kumlaumu.

Lakini lipo jambo la kuiga. Tangu miaka ya sabini Saudia ina mpango wa ushirikiano wa kiufundi na Benki ya Dunia, na Kuwait nayo ina wake. Hawaendi kukopa. Wanalipia wataalamu, kwa hiyo wao ndio wanaochagua swali la kujibiwa. Kwetu mara nyingi mtaalamu huja amefungwa ndani ya mkopo: mkopeshaji lazima aridhie uteuzi wake, na malipo yake yanahesabiwa kwenye deni letu.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi kujinunulia ushauri. Sikubali. Serikali iliyomudu kilomita 89 za lami haishindwi na posho ya wapima udongo. TANROADS ina kitengo chake cha ushauri wa kihandisi, TECU. Na udongo mweusi wa mbuga zetu, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, anaujua zaidi aliyeuona ukila barabara mwaka hadi mwaka kuliko mgeni wa mkataba mmoja.

Pa kuanzia papo: barabara ya Mkiwa–Itigi–Rungwa–Makongolosi, ya kuiunganisha Singida na Mbeya, ambayo sehemu yake kubwa bado inangoja lami. Akijitokeza mkopeshaji, awe wa Ghuba au wa Washington, wahandisi wa TANROADS Singida ndio waandike hadidu za rejea za mshauri, na vipimo vyote vya udongo na mikondo ya maji vibaki ofisini kwao. Riba ijadiliwe baada ya hapo.